Gemu ya kupitisha muda au gemu ya kukomaa: ipi inakufaa?

"Fundi, niwekee gemu kali."

Hakuna agizo ninalolisikia zaidi kuliko hilo kwenye kibanda changu cha simu, na kwa miaka nililitii bila swali. Kali ni kali. Siku moja nikamwekea dereva bodaboda PUBG Mobile, akalipa, akaondoka anachekelea. Wiki haikuisha, akarudi kanuna. Simu nzima, gemu nzima. Shida ilikuwa abiria. Kila akishaokota bunduki na kupata kichaka kizuri cha kulala, mtu anamgonga bega: "Mpaka Tabata bei gani?" Simu inaingia mfukoni, pikipiki inawaka, na akija kuitoa tena anakuta keshauawa zamani, na wenzake wa kikosi wamemtukana matusi yote wanayoyajua.

Wiki hiyohiyo dada mmoja wakala wa pesa, jirani yangu meza ya tatu, alikuja na lalamiko la upande mwingine. Nilikuwa nimemwekea gemu ya kupanga matunda yanayofanana. "Fundi, hii ya watoto," akasema. "Vidole vinacheza vyenyewe, kichwa kimelala."

Wote wawili nilikuwa nimewakosea, ila si kosa moja, na ilinichukua muda kuliona hilo. Wenye biashara ya gemu duniani wamezoea kuzigawa mafungu mawili. Kuna nyepesi za mtu yeyote, za kushika na kuachia, halafu kuna zile za wenye uraibu, zinazotaka saa, mazoezi na ubishi. Mimi kibandani naziita gemu za kupitisha muda na gemu za kukomaa, na mteja ananielewa hapohapo. Mgawanyo wenyewe si mbaya. Ubaya wake ni kwamba umefunga vitu kadhaa kwenye mfuko mmoja, na anayebeba mfuko bila kuufungua ndiye hunirudia kanuna.

Damu si kipimo

Wengi hudhani gemu ya kukomaa ni ile yenye damu, magari na picha kama sinema, na ya kupitisha muda ni ile ya peremende na rangi za pipi. Chukua GTA San Andreas ya 2004. Ulaya iliwekewa alama ya miaka 18, na mzazi akiitazama dakika tano ataelewa kwa nini. Lakini kwenye mabanda ya PS ilichezwaje? Mtoto kalipia nusu saa, ana karatasi ya daftari yenye misimbo ya kuita kifaru na ndege (yale makaratasi yaliuzwa, na sikatai kwamba niliuza), anaendesha, anagonga, anaruka, anakimbizwa na polisi, muda umekwisha. Hadithi haijui, misheni hazimhusu. Huko ni kupitisha muda mtupu, ndani ya gemu isiyomfaa mtoto.

Kwa hiyo anayeuliza kama gemu inafaa umri fulani aangalie alama ya umri kwenye kava. Hilo ni swali jingine kabisa. Mimi hapa nazungumzia gemu inakudai nini wewe unayeicheza.

Unaweza kuiacha katikati?

Hili ndilo swali la kwanza ninalomuuliza mteja siku hizi: ukiwa unacheza, nani anaweza kukukatiza?

Gemu za kupitisha muda zimejengwa kwa ajili ya kukatizwa. Ile ya nyoka ilikuja na Nokia 6110 mwaka 1997, ikiwa kazi ya mhandisi wa Kifini aitwaye Taneli Armanto. Mbili juu, nane chini, nne kushoto, sita kulia, kidole gumba kimoja kinatosha. Simu ikiita unapokea, na nyoka akijigonga umepoteza dakika mbili za foleni. Karata za Solitaire zilizokuja ndani ya Windows 3.0 mwaka 1990 ni vilevile. Aliyewahi kufuata huduma kwenye ofisi za zamani anaikumbuka ile meza ya kijani iliyokuwa ikifichwa upesi bosi akipita. Mezani hakuna adui anayesogea wakati wewe hujasogea. Candy Crush Saga, iliyoanza Facebook mwaka 2012 na kuhamia kwenye simu mwaka huohuo, imerithi tabia hiyo: unahesabiwa hatua za kuhamisha peremende. Unaweza kutafakari hatua moja kuanzia Ubungo mpaka Kimara.

Za kukomaa nyingi hazikupi ruhusa hiyo, na mara nyingi sababu ni watu. Free Fire inawashusha watu 50 kisiwani na mechi inakwisha kwa dakika kama 10. PUBG Mobile inashusha watu 100 na ukijaliwa kufika mwisho unakaribia nusu saa. Hakuna kati ya hao 99 atakayekusubiri umalize kukata tiketi. Mtu akiniuliza tofauti ya hizo mbili ni nini, namwambia moja inaingia kwenye foleni ya Tazara, nyingine inataka kitanda. Kwa dereva wangu wa bodaboda hata hiyo ya dakika 10 ilikuwa ndefu.

Lakini kuna gemu za peke yako ambazo nazo hazisimami. Dark Souls ya 2011, kazi ya FromSoftware ya Tokyo, haina kitufe cha kusimamisha. Ukifungua begi lako kutafuta dawa, jitu lenye rungu linaendelea kuja. Mashabiki husema ndipo utamu ulipo. Mimi nakubaliana nao Jumapili ya mapumziko. Siku mama mkwe akibisha hodi nikiwa katikati ya daraja, naona ni dharau.

Halafu umeme. Gemu za sasa hujihifadhi zenyewe kila baada ya muda, kwa hiyo ukikatika hupotezi mengi. Waliokulia kwenye PS1 wanajua habari nyingine. Resident Evil ya 1996 ilikutaka ufike kwenye taipureta iliyo chumba fulani, uwe na utepe wa wino, na tepe zenyewe zilihesabika. Hofu ya gemu ile haikuwa mizoga inayotembea tu. Ilikuwa pia kumsikia jirani akisema "leo si zamu yetu ya mgao?" wakati taipureta bado iko korido mbili mbele. Siku hizi vijana wanazicheza gemu za zamani za PSP, ile PS ya mkononi, kwenye simu kwa programu kama PPSSPP, ambayo inakuruhusu kuhifadhi popote, hata katikati ya ngumi. Wazee wa kukomaa wanasema huo ni wizi. Mimi nasema ni jenereta.

Ukishindwa, inakuchukulia nini?

Hapa ndipo mafungu mawili yanapoachana hasa, na ndipo penye mshangao.

Katika Dark Souls ukiua adui unapata roho. Roho ndizo pesa, na ndizo hizohizo za kukuongezea nguvu. Ukifa zinabaki chini pale ulipoangukia, nawe unafufukia kwenye moto wa mwisho uliopumzikia, na maadui wote uliokwisha kuwalaza wamerudi kazini kana kwamba hukuwahi kupita. Una nafasi moja tu ya kurudi kuziokota. Ukifa njiani kabla hujazifikia, zile za kwanza zimekwenda moja kwa moja. Kutembea na roho elfu ishirini mgongoni ni sawa na kutoka benki na bahasha. Unaanza kutazama kila kona ambayo jana ulikuwa unaipita mbio.

Nilikwama juu ya paa la kanisa. Pale kuna jini la jiwe lenye mabawa, refu, lina silaha ya mpini mrefu. Unalipiga, linapungua, unaanza kuona mwanga, na likikaribia nusu ya uhai wake la pili linaruka kuja kumsaidia mwenzake. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tisa sikucheka. Shemeji yangu aliyekuwa akisubiri zamu yake ya mpira alikwenda kula, akarudi, akaniuliza kama picha imeganda. Nilipokuja kupita, mhusika wangu alikuwa na upanga uleule na nguvu zilezile. Kilichobadilika ni kwamba niliacha kukimbia pembeni kila silaha inapokuja, nikaanza kuviringika kuelekea kwake, chini ya mkono wake, ambako silaha ndefu haifiki. Gemu haikuniambia hilo mahali popote. Iliniua mpaka nikaliona.

Sasa linganisha na Candy Crush. Ukishindwa unapoteza uhai mmoja kati ya mitano, na kila mmoja unarudi baada ya dakika 30. Ukimaliza yote mitano, ukitaka ijae tena ni saa mbili na nusu. Hakuna ulichokichuma kinachopotea, hatua ulizokwisha kupita hakuna wa kukunyang'anya. Kwa macho ya haraka hii ndiyo gemu yenye huruma, na ile nyingine ni katili.

Mimi nimefika mahali nina wasiwasi na hesabu hiyo. Dark Souls ikikuua inakurudisha uwanjani papo hapo, bure, mara mia kama una ubishi. Adhabu yake ni kazi. Adhabu ya Candy Crush ni kusubiri, na kusubiri kunauzwa. Umebakiza peremende moja, hatua zimekwisha, inakutokea sauti tamu kukuuliza kama ungependa hatua tano zaidi kwa vipande vya dhahabu. Wakati huo ndio mtu anapokuwa dhaifu kuliko wakati mwingine wowote. Sisemi gemu ni mbaya. Shangazi yangu ameicheza miaka na hajawahi kulipa hata senti. Anapoteza uhai wa tano, anaweka simu chini, anakwenda kuchambua mchele, anarudi. Saa za jikoni na saa za gemu zimeoana kwake. Ila yeye ana subira ambayo wengi wetu hatuna.

Inachukua muda gani kuijua?

Gemu za kupitisha muda hukopa kitu unachokijua tayari. Nintendo walipotoa Wii mwaka 2006, walimpa mchezaji pedi ya kuzungusha hewani kama raketi. Hakuna wa kukufundisha tenisi ya namna hiyo, mkono unaijua. Ndiyo maana Ulaya na Marekani ilifika mpaka kwenye nyumba za kutunzia wazee, na mashine zaidi ya milioni 100 ziliuzwa. Karata unazijua, kupanga vinavyofanana unakujua, nyoka kula na kurefuka hakuhitaji mwalimu.

Tekken, gemu ya kupigana ngumi na mateke mmoja kwa mmoja, iko upande wa pili, au ndivyo ingekuwa kama si Eddy Gordo. Aliyecheza Tekken 3 kwenye PS1 anamjua: yule bwana wa kapoera anayepiga kwa miguu akiwa amepindua kichwa chini. Mtoto aliyeshika pedi kwa mara ya kwanza anamchagua Eddy, anafinyafinya vitufe vya teke bila mpango, na anamlaza kaka yake aliyefanya mazoezi mwezi mzima. Kaka anasusa. Kwa ngazi hiyo Tekken ni gemu ya kupitisha muda kama nyoka.

Ngazi ya juu ni nchi nyingine. Gemu inachora picha 60 kwa sekunde moja, na ngumi ya haraka huchukua picha 10 kabla ya kugusa, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Wachezaji wa kukomaa wanazijua namba hizo kwa kila pigo la kila mhusika, makumi ya wahusika. Wanajua ukikinga teke hili, mpinzani atachelewa picha ngapi kurudi, na katika upenyo huo pigo gani linaingia. Kwenye banda nililokulia, wakubwa waligombea tivi ya kichogo iliyokuwa kwenye kona chafu, wakatuachia sisi flati skrini mpya. Tuliona wamerogwa. Baadaye ndipo nilipoelewa: flati za bei rahisi, ukiunganisha PS2 kwa zile waya za rangi tatu, huchelewesha picha kidogo, na kichogo hakichelewi. Kwangu tofauti ile haikuonekana. Kwao ilikuwa mechi nzima.

Njia hiyo imewafikisha watu mbali. Mwaka 2019 Mpakistani Arslan Ash, kijana wa Lahore aliyekomaa kwenye mabanda ya gemu ya mtaani, alichukua mashindano ya Evo ya Japani na kisha ya Marekani kwa Tekken 7, mwaka uleule. Hapa jirani, Sylvia Gathoni wa Kenya, anayejiita QueenArrow, aliifanya Tekken hiyohiyo mpaka akasajiliwa na timu ya nje. Wote wameanza kwa kufinya vitufe kama sisi, nadhani, ila hawakuishia hapo.

Gemu za mpira, eFootball na ile ya EA iliyoacha jina la FIFA mwaka 2023, zinakaa katikati. Sheria kila mtu anazijua, dakika zake zinavumilika, na unaweza kusimamisha. Zingekuwa za kupitisha muda kabisa kama si kanuni ya mabanda yetu, kwamba aliyefungwa ndiye analipa. Jaribu kucheza dakika ya 88, matokeo moja moja, mfukoni una nauli tu. Hapo hakuna aliyeandika msimbo wa ugumu. Ugumu umeletwa na mwenye banda.

Wakati mwingine ni wewe, si gemu

Wenyeji wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa hili. Kete ni zilezile 64 na ubao ni uleule wa mashimo 32. Anayeanza anapewa bao la kujifunza, kete mbili kila shimo, na anafurahi. Bao la Kiswahili linaanza kila mmoja akiwa na kete 22 mkononi, mnanamua moja moja, na mafundi wanahesabu mizunguko ambayo mtazamaji hata hajaona imeanzia shimo gani. Ukiuliza kama bao ni rahisi au gumu, utaulizwa unacheza na nani.

Tetris ndiyo bao la gemu za umeme. Alexey Pajitnov aliitengeneza Moscow mwaka 1984, na mama yangu aliijua kwa zile mashine ndogo za kijivu za betri zilizouzwa barabarani. Vipande vinashuka, unavipanga, mstari ukijaa unafutika. Ukichoka unazima. Lakini kuna watu Marekani walibaki na toleo la Nintendo la 1989 kwa zaidi ya miongo mitatu. Kwa muda mrefu iliaminika hatua ya 29 ndiyo mwisho wa binadamu, kwa sababu vipande vinashuka haraka kuliko kidole kinavyoweza kuvisogeza. Kisha wakabuni njia: badala ya kubonyeza kwa dole gumba, unaliegesha gumba juu ya kitufe halafu vidole vya mkono wa pili vinapigapiga mgongo wa pedi, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayepiga ngoma kwa kucha. Pedi ndiyo inasukumwa kuja kwenye gumba. Desemba 2023 mvulana wa miaka 13 wa Oklahoma alifika hatua ya 157 na gemu yenyewe ikaganda, imeshindwa. Alikuwa amecheza dakika kama 38.

Hii ni gemu ileile ya mama yangu. Kwa hiyo ukiona mtu anaidharau gemu kwa jina lake, muulize kwanza amefika hatua ya ngapi.

Pesa

Kwa haraka, maana hapa watu hudanganyika. Gemu za kukomaa za mashine kubwa hukupiga mara moja mlangoni: Elden Ring, ya walewale wa Dark Souls, ilipotoka 2022 ilikuwa Dola 60, na bado unahitaji PS au kompyuta yenye nguvu, na makumi ya GB za kupakua. Ukishalipa, yaliyomo ni yako. Na usidhani ni za watu wachache. Hiyo Elden Ring, ngumu kama ilivyo, imeuza nakala zaidi ya milioni 25.

Gemu nyingi za kupitisha muda ni bure mlangoni na zinatoza ndani, kidogokidogo, au zinakulisha matangazo yanayokula bando. Za kupigana za simu nazo ni hivyohivyo, zinauza nguo na rangi za bunduki. Mteja wangu mmoja alikuta salio la mwezi limeyeyuka kwa sababu mwanawe wa miaka saba alikuwa "anapewa zawadi" na gemu kila anapobonyeza kitufe cha kijani. Gemu yenyewe ilikuwa ya vikatuni, laini kama maziwa. Kabla hujampa mtoto simu, ingia kwenye duka la programu, weka nywila kwenye kila manunuzi, na ondoa namba ya simu au kadi kwenye njia za malipo. Kazi ya dakika mbili, na kibandani kwangu siitozi.

Sasa uchague ipi?

Kama siku yako imekatikakatika na unachotaka ni kupumzisha kichwa, usione haya, chukua ya kupitisha muda. Solitaire, nyoka, Tetris, hata Candy Crush kama una subira ya shangazi yangu. Kama una jioni ndefu, umeme wa uhakika, na unafurahia kitu kilichokushinda jana kikakubali leo, utachoshwa na peremende mapema. Nenda Dark Souls au Elden Ring. Mimi mgeni namwanzisha na Elden Ring, kwa kuwa ukikwama kwa adui mmoja unapanda farasi unakwenda upande mwingine wa nchi, unarudi ukiwa na nguvu. Mwenye hasira za karibu asiguse zote mbili kabla hajanunua pedi ya akiba. Kama raha yako ni watu, mpira na Tekken vinacheka zaidi mkiwa wawili kochi moja kuliko mtandaoni.

Kundi ninalolisahau kila mara ni lile la katikati, na ndilo la wale wateja wangu wawili. Wanataka kuumiza kichwa, lakini hawana dakika kumi zisizokatizwa. Hao hawafai kwenye fungu lolote kama mafungu ni mawili tu. Ugumu ni kitu kimoja, kuachika ni kitu kingine, na kuna gemu ngumu sana zinazoachika vizuri: zote zinazochezwa kwa zamu.

Dada wakala nilimpa Slay the Spire. Ni ya karata, unalipia mara moja kama Dola 10, alilipa mwenyewe kwa kadi ya mtandaoni. Unapanda mnara ghorofa kwa ghorofa, kila pambano unapewa karata chache na nguvu kidogo za kuzitumia, na adui anakuonyesha kabisa kwamba zamu ijayo atakupiga kwa 12. Hasogei mpaka umalize kuwaza. Mteja akija kutoa laki mbili, simu inalala kifudifudi, anahesabu noti, anarudi, adui bado amenyoosha mkono. Ukifa, unaanza ghorofa ya kwanza, karata zote zimekwenda. Siku ya tatu nilimsikia akisonya kutoka meza yake, nikajua imemshika.

Dereva ilinibidi nimtembelee kijiweni kwanza. Nikamkuta juu ya ubao wa drafti, visoda vya bia upande mmoja na vya soda upande wa pili, anamla mzee mmoja visoda vitatu kwa mpigo huku kidomo kinamcheza. Miezi yote hiyo nilikuwa nahangaika na bunduki. Nikafuta PUBG, nikamwekea Lichess, programu ya chesi ya bure isiyo na tangazo hata moja, nikamwonyesha ule mchezo wa kutumiana, ambapo mnaweza kupeana siku moja mpaka 14 za kufikiri kila hatua. Kuusogeza farasi kulimchukua jioni mbili. Sasa ana mechi sita kwa pamoja, mmoja wa wapinzani wake yuko Brazili.

Jana alinipitia kubadilisha kioo. Nilipoiwasha simu ubao ukajitokeza, saa ya zamu yake imebaki dakika arobaini, malkia wake kabanwa. "Usiguse," akaniambia, "nimelifikiria tangu Mbagala." Akaichukua, akaanza kunyoosha kidole. Mama mmoja mwenye ndoo mbili akamgonga bega.

"Kaka, mpaka Tabata bei gani?"

Akaitia mfukoni, akavaa kofia.